Kufanya yoga bila kuiacha dini yako mlangoni

Kila kundi jipya likianza nasikia swali lile lile, na huulizwa viatu vikiwa bado mguuni: "Mwalimu, hii si ibada ya Wahindi?" Mimi ni Muislamu, nafundisha kina mama wenzangu hapa Mombasa baada ya alasiri, wengi wao wamekuja kwa sababu ya mgongo au magoti. Huwajibu hivi: goti halina itikadi. Kagua kinywa chako kinasema nini, na moyo unamwambia nani.

Kwanza ujue unachokishika. Kitabu kinachotegemewa zaidi ni Yoga-sutra za Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, nacho kinataja hatua nane. Mikao ya mwili ni hatua ya tatu, na imepewa mistari mitatu tu. Hatua ya pili ina nidhamu tano, na ya mwisho kati ya hizo ni kujisalimisha kwa Ishvara. Huyo ni Mola kwa namna Patanjali anavyomweleza: nafsi ya pekee isiyoguswa na dhiki wala matokeo ya matendo. Hamtaji kuwa muumba wa mbingu na ardhi. Basi anayekwambia yoga haina habari ya Mungu hata kidogo, kitabu hajakifungua. Lakini mikao mingi tunayofanya leo ilipata sura yake miaka ya 1930 huko Mysore, kusini mwa India, ambapo mwalimu wa yoga Krishnamacharya aliwafundisha vijana kwenye kasri la mfalme kwa mtindo uliokaribia jimnastiki. Ukinyoosha paja kwa ajili ya kiuno, hujaingia hekaluni.

Kabla hujalipa, muulize mwalimu. Kuna kuimba? Kuna sanamu au taa mbele? Mtu akinyamaza itakuwa tatizo? Akikasirika kwa maswali hayo, tafuta mwingine. Mji mkubwa huu.

"Om" mimi siitamki. Patanjali mwenyewe anasema ndiyo sauti inayomtaja Ishvara, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni pumzi tu. Wenzako wakiivuta, toa pumzi kimya kwa urefu ule ule, faida ya mapafu utaipata. "Namaste" ni jambo jingine: ni salamu ambayo Wahindi hupeana hata dukani. Ikikukwaza, sema "Asante, mwalimu," na hakuna atakayekununia.

Ukikuta sanamu mbele ya ukumbi, geuza mkeka wako. Mkao wa mtoto, ule wa kupiga magoti na kuweka paji la uso chini, unafanana mno na sijda. Huwaambia kina mama waweke ngumi mbili chini ya paji, au walaze shavu moja na kubadilisha. Uti wa mgongo unanyooka vile vile, na sijda inabaki kwa mwenyewe.

Salamu ya jua ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Ni mfululizo wa mikao kumi na miwili, na kwa desturi kila mkao una mantra, yaani maneno ya ibada ya kukariri, inayolitaja jua kwa jina lake jingine. Mtawala wa Aundh, dola ndogo katika Maharashtra ya leo, aliieneza miaka ya 1920 kama mazoezi ya afya, lakini mantra zake hakuzitupa. Mimi nafundisha mikao, mantra naziacha, na sifanyi jua linapochomoza. Sisi tumekatazwa hata kuswali kwa hiari wakati huo, ili tusifanane na wanaolisujudia jua. Ngoja lipande, saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, elekea upande wowote. Kina mama wangu huuita mfululizo huo "ile ndefu", na jina hilo limetutosha.

Nia ifunge kabla ya pumzi ya kwanza, kimoyomoyo, kama unavyoifunga kwa jambo lolote: nafanya hivi niutunze mwili niliopewa. Mazoezi ya kuzuia pumzi mwenye presha au mja mzito aziache.

Mwishoni mnalala chali, macho yamefungwa, na hapo wengi hupatwa na raha kubwa. Wengine hulia. Hapa ndipo nasimama muda mrefu kuwaeleza, maana hatari naiona hapa kuliko kwenye mkao wowote. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, leo nimemhisi Mungu kuliko nikiswali." Nikamwambia, "Dada, leo umepumua." Mwili uliochoka ukitulizwa huleta utulivu wenyewe, kwa mcha Mungu na kwa asiyeamini chochote. Vatican iliwaonya Wakatoliki kuhusu jambo hilo hilo katika barua ya Oktoba 1989 iliyotiwa saini na Kadinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa. Haikukataa mazoezi, ilisema tu kwamba anayechukua utulivu wa mwili kuwa faraja ya Roho Mtakatifu amekosea. Katika hili nakubaliana naye kabisa. Utumie utulivu huo: lete dhikri, au sala ya Baba Yetu ukiwa Mkristo, polepole. Usiupandishe cheo tu.

Shehe wako muulize, lakini uliza vizuri. Ukimwuliza "Yoga ni haramu?" utapata jibu la neno moja, nalo litategemea picha aliyonayo kichwani. Malaysia baraza la fatwa liliikataza mwaka 2008, kwa hoja ya mchanganyiko wa mikao, ibada na mantra. Indonesia mwaka 2009 wakakataza yenye ibada ndani yake na kuruhusu ya mazoezi matupu. Saudia ikaikubali kama mchezo mwaka 2017. Kwa hiyo mweleze darasa lenyewe: wanawake peke yetu, hakuna kuimba, hakuna sanamu, tunafanya mikao hii na hii, tunamaliza kabla ya magharibi. Mwonyeshe hata kwenye simu.

Ramadhani nahamishia darasa baada ya tarawehe, nusu saa tu, bila mikao ya kichwa chini kwa sababu ya futari. Njoo na leso ya kukunja chini ya magoti, sakafu yetu ni ngumu.