Jinsi ya Kupanga Mianya ya Beringi za Krenki katika Injini ya Nguvu

Krenki ni shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, na beringi ni maganda ya nusu mbili yanayoizunguka. Injini inapofanya kazi vizuri, viwili hivyo havigusani, kwa kuwa kati yake kuna utando mwembamba wa mafuta ambao ndio unaobeba mzigo wa pistoni. Mwanya ukiwa mdogo kupita kiasi, utando huo hupata joto, hukatika, na beringi huungua. Ukiwa mkubwa mno, mafuta humwagika pembeni, shinikizo hushuka na krenki huanza kugonga. Mafuta yanayopita huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwanya, hivyo mwanya ukiongezwa maradufu, huku mengine yote yakibaki vilevile, yatapita takriban mara nane.

Kanuni ya kuanzia ni milimita 0.001 ya mwanya kwa kila milimita moja ya kipenyo cha shingo ya krenki, yaani sehemu ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi. Shingo ya milimita 63.5 (inchi 2.5) itahitaji takriban milimita 0.064 (inchi 0.0025). Kwa injini ya nguvu, yaani iliyoboreshwa itoe nguvu kuliko kawaida, mafundi wengi huongeza milimita 0.013 (inchi 0.0005), kwa kuwa katika mizunguko ya juu krenki hupinda na bloku, yaani mwili wa injini, hunyumbuka. Bloku ya alumini inahitaji hesabu nyingine: alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma, hivyo mwanya wa beringi kuu, zile zinazoishika krenki kwenye bloku, hukua injini ikipata moto, na hupangwa mdogo zaidi ikiwa baridi. Kama mtengenezaji wa injini au wa beringi ametoa kipimo chake, hicho ndicho kitangulie.

Kazi kubwa ni kupima. Sehemu zote ziwe safi na zikae katika chumba kimoja hadi zilingane joto, karibu nyuzi 20 za Selsiasi, kwani krenki iliyotoka juani itakupa namba isiyo ya kweli. Tumia maikromita, kifaa cha kupimia vipenyo kwa usahihi mkubwa, inayosoma angalau milimita 0.0025, upime kila shingo katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba, karibu na kila mwisho wake. Vipimo vya mahali pamoja vikitofautiana, shingo imekuwa ya yai. Vya mwisho mmoja vikitofautiana na vya mwingine, imechongoka.

Baada ya hapo funga vifuniko vinavyoshikilia beringi, bila beringi zenyewe, kwa toki kamili (nguvu ya kukaza bolti iliyowekwa), ukague kwamba matundu ya kukalia beringi yamo ndani ya kipimo cha mtengenezaji, kwa sababu tundu lililopanuka halitaibana beringi ipasavyo. Kisha weka beringi na ufunge tena kwa bolti zilezile na kilainishi kilekile utakavyotumia mwishoni. Kubadilisha bolti kwa aina nyingine baada ya kupima hubadilisha umbo la tundu, na vipimo vyote hurudiwa.

Funga maikromita kwenye kipimo cha shingo husika, kisha sawazisha sifuri ya geji ya kupimia matundu ndani ya maikromita hiyo. Kwa njia hii geji inasoma mwanya moja kwa moja, na kosa dogo la maikromita hujifuta lenyewe. Pima wima, nyuzi 90 kutoka mahali nusu mbili za beringi zinapokutana, maana karibu na maungio beringi hufanywa nyembamba makusudi na usomaji wa hapo hudanganya. Uzi wa plastiki unaobonyezwa na kulinganishwa na karatasi yake ni ukaguzi wa pili tu. Kwa injini ya nguvu mimi siutegemei peke yake.

Mwanya usiporidhisha, usisugue vifuniko wala kuweka karatasi nyuma ya beringi. Kwa injini nyingi za mashindano huuzwa beringi nyembamba kidogo zinazoongeza mwanya kwa milimita 0.025 kuliko zile za kawaida, na ukitumia nusu yake moja pamoja na nusu ya kawaida unapata takriban 0.013. Katika beringi kuu, nusu nyembamba zote zikae upande mmoja, zote juu au zote chini, ili krenki isitoke kwenye mstari. Tofauti kubwa zaidi hurekebishwa kwa kuchonga shingo.

Mafuta yaamuliwe pamoja na mwanya. Mwanya wa milimita 0.05 au chini yake huendana na mafuta mepesi kama 5W-30, na ule wa karibu 0.08 huelekea mafuta mazito kama 20W-50.

Mwisho, pima mchezo wa krenki wa mbele na nyuma, ambao kwa injini nyingi huwa kati ya milimita 0.13 na 0.25. Kabla ya kukaza beringi ya msukumo, ile inayozuia krenki isiteleze mbele na nyuma, sogeza krenki mbele na nyuma ili nusu zake zilingane, kisha kaza na uizungushe kwa mkono baada ya kila kifuniko. Ikianza kuwa nzito, kifuniko cha mwisho kukazwa ndicho cha kufungua na kukagua kwanza.