Fremu kwanza, mapambo baadaye

Wenzangu mnaoendesha warsha za ufundi hapa Uganda, za mavazi ya jukwaani au sanamu za kusuka, msianze na gundi wala rangi. Anzeni na fremu, tena muiandae nusu kabla wanafunzi hawajafika.

Kwa kofia au taji, pima kichwa kwa ukanda wa karatasi, ongeza upana wa vidole viwili, kisha kunja fito nyembamba ziwe duara. Viungo vifungeni kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Mpira unabana vizuri kuliko kamba, na mtoto akikosea anafungua bila kuharibu kitu. Hili limeniokolea saa nyingi kuliko jambo lolote jingine.

Uingereza husuka sanamu kwa fito za mti uitwao willow, na zikiwa kavu huzilowesha siku kadhaa. Sisi tunayo matete, mafunjo na nyuzi za mgomba. Nyuzi za mgomba zisilowekwe: zifungeni tu ndani ya kitambaa chenye unyevu, zitalainika.

Na lubugo, tafadhali, muuheshimu. Ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao, na UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi mwaka 2005. Nyunyizia maji kidogo kabla ya kuuvuta juu ya fremu, na sindano ipite mbali na ukingo, la sivyo utachanika. Vipande vinavyobaki msitupe, vinatosha masikio ya barakoa.