Alama ya hesabu ipo kwenye stringi: jinsi ya kuitumia kwenye JavaScript

Wakuu habari, wengi wanaotengeneza kikokotoo wanakwama hapa: mtu kabonyeza batani ya kuzidisha, wewe umepokea "*" kama stringi (yaani maandishi) na namba mbili unazo, sasa hesabu inapigwaje? Ukiandika 6 + "*" + 7 utapata maandishi "6*7" na sio 42.

Kuna watakaokwambia tumia eval, fankisheni ya JavaScript inayoendesha stringi kama kodi. Ni kweli eval("6*7") inatoa 42, ila tafadhali usiizoee, yenyewe inaendesha kodi yoyote inayopewa, kwahiyo kama stringi imetoka kwa mtumiaji basi umemwachia aendeshe anachotaka kwenye ukurasa wako.

Hatua ya 1, kila alama ipe fankisheni yake ndani ya objekti:

```js
const hesabu = {
  "+": (a, b) => a + b,
  "-": (a, b) => a - b,
  "*": (a, b) => a * b,
  "/": (a, b) => a / b
};
```

Hatua ya 2, iite kwa mabano ya mraba: hesabu["*"](6, 7) na hapo 42 inatoka.

Hatua ya 3 msiiruke kabisa. Kinachotoka kwenye input huwa ni stringi hata kama mtu kaandika namba, so bei ya "4500" ukijumlisha na nauli ya "500" unapata "4500500", mteja atazimia! Na inachanganya kwa sababu kutoa, kuzidisha na kugawa vyote vitakupa jibu sahihi, ni + tu inayounganisha maandishi. Pitisha Number() kwanza ili stringi igeuke namba:

```js
function piga(a, alama, b) {
  if (!Object.hasOwn(hesabu, alama)) {
    throw new Error("Alama haijulikani: " + alama);
  }
  return hesabu[alama](Number(a), Number(b));
}
```

Maswali ya wanachama

*Mkuu hiyo hasOwn ya nini, si niangalie tu kama hesabu[alama] ipo?*
Haitoshi ndugu, hasOwn inakubali tu ulichokiandika mwenyewe ndani ya objekti. Mtu akileta "toString" utaikuta ipo, maana kila objekti ya kawaida inairithi, na ukiiita unapata "[object Object]" badala ya jibu.

*Switch je, ni vibaya?*
Hapana, inafanya kazi vizuri tu. Mimi napenda objekti kwa sababu ukitaka kuongeza "%" ni mstari mmoja, na batani zenyewe unaweza kuzichora kwa Object.keys(hesabu).

*Nikigawa kwa 0 mbona hailalamiki?*
JavaScript inakupa Infinity, na 0/0 ni NaN (yaani "si namba"), error hakuna. Weka sharti lako mwenyewe kwenye "/".

*Mimi nina 2 + 3 * 4 kwenye array, napita kushoto kwenda kulia napata 20.*
Ndio, hapo umejumlisha kabla ya kuzidisha. Pita mara mbili, raundi ya kwanza maliza * na / zote, ya pili + na -, utapata 14. Ukishaanza kuweka na mabano itafute njia ya mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra ya mwaka 1961 inaitwa shunting yard, inapanga alama kwenye staki (orodha ambayo kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza) kufuata uzito wake, yaani ipi ipigwe kwanza, na fankisheni utakazoziita mwishoni ni hizi hizi.