Kupima methani ya ng'ombe wa nyama: anza na kilo

Sisi tunaokaa Nairobi na ng'ombe ziko Isinya ama Kajiado, siku hizi tunaulizwa zinatoa kiasi gani cha methani, ile gesi ya tumboni inayoongeza joto duniani. Usikimbilie gesi. Anza na kilo, juu gesi bila kilo haikuambii kitu.

Pima kila wiki 4, asubuhi mapema kabla hazijakunywa maji. Hapo kwa maji nakazia, juu mwaka jana nilipima maksai wangu wa Boran jioni akitoka kisimani, nikafurahi sana ameongeza kilo 30, kumbe ni maji tu yako tumboni, lita moja ni kilo moja. Kama huna mizani tumia tepu ya kukadiria kilo kwa mzunguko wa kifua: asimame kwenye krashi (kijia chembamba cha kumshikilia ng'ombe) miguu yote 4 iko sawa, pitisha tepu nyuma ya nundu na nyuma tu ya miguu ya mbele, ikaze bila kufinya ngozi, soma mara 3 uchukue ya katikati.

Sasa methani. Karibu yote inatoka mdomoni na puani kwa mbweu, si huko nyuma vile watu hudhani. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo pale Uthiru, wako na vyumba maalum vya kupimia, lakini ng'ombe akiwa malishoni anawekewa tumboni kidonge kinachoachilia gesi ya SF6 polepole kwa kiwango kinachojulikana, halafu mrija unakaa karibu na pua na chupa iliyotolewa hewa inavuta pumzi yake saa 24, maabara inalinganisha hizo gesi mbili. Weka na chupa ingine upande upepo unatokea, ama utahesabia ng'ombe wako methani ya jirani.

Hiyo ni ghali, kwa hivyo kadiria. Ng'ombe wa kilo 300 anakula kama kilo 7.5 za nyasi kavu kwa siku. Zidisha kwa 18.45 (megajuli kwa kila kilo ya chakula) upate nguvu ya chakula, zidisha kwa 0.065 (sehemu ya nguvu inayopotea kama methani), gawanya kwa 55.65 (megajuli kwa kila kilo ya methani): inakuja kilo 0.16, yaani gramu 160 hivi za methani.

Gawanya hizo gramu kwa kilo anazoongeza kwa siku (kilo alizoongeza kwa wiki 4, gawanya kwa 28). Akiongeza kilo 0.3 ni gramu 533 kwa kila kilo, akiongeza 0.6 kwa chakula kilekile ni 267. Wakati wa kiangazi anaeza kosa kuongeza hata robo kilo kwa siku na bado anapiga mbweu mchana na usiku, na huyo akimaliza miezi 2 hivyo kwa daftari langu, napigia mnunuzi wa kichinjio cha Dagoretti.