Kupanda Kilimanjaro: hesabu siku kwanza, njia baadaye

1. Amua utalala mlimani siku ngapi

Wengi huanza kwa kuuliza njia ipi ni rahisi. Swali la kwanza liwe siku. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili huzoea hali hiyo taratibu, na mazoezi ya mbio hayaharakishi kitu. Ukishapita mita 3,000, inashauriwa kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana.

Sasa itazame njia ya Marangu ya siku tano: unalala kambi ya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kisha kilele usiku huohuo. Ni mita 1,000 kila siku! Ukiipenda kwa sababu ya mabanda yake, chukua siku sita: lala Horombo mara mbili, na mchana wa katikati panda kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, ushuke kulala.

Njia ya Machame ina mpangilio bora. Unapita mwamba wa Lava Tower, juu ya mita 4,600, kisha unashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya 4,000. Lakini kuna mtego: safari ya siku sita huruka kulala kambi ya Karanga. Unatoka Barranco hadi kambi ya Barafu kwa siku moja, unalala saa chache, na kabla ya usiku wa manane unaamshwa kwenda kileleni na miguu imeshachoka. Lipia siku ya saba.

Mwenye nafasi achukue njia ya Lemosho ya siku nane. Kwangu haina mpinzani. Rongai, upande wa kaskazini, hupata mvua kidogo. Umbwe ni mwinuko mkali unaokupandisha haraka mno. Mgeni wa milima aiache.

2. Msimu

Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au Juni hadi Oktoba. Masika, hapana.

3. Mazoezi

Miezi miwili au mitatu ya kutembea vilimani na begi la kilo sita. Zoea hasa kushuka: kwa Machame, Lemosho na Umbwe, siku ya kilele magoti hubeba mteremko wa zaidi ya mita 2,500 hadi kambi ya Mweka. Kata kucha za miguu mapema.

4. Vifaa

Buti ziwe zimeshavaliwa mara nyingi. Usiku wa kilele mrija wa maji huganda, hivyo beba chupa na uzigeuze kichwa chini. Barafu huanzia juu, mdomo unabaki wazi. Betri zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania.

5. Dalili

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, mwambie kiongozi wako na usipande zaidi mpaka vipungue. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema ukiwa umekaa, shuka mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea, ila muulize daktari kabla ya safari, na kuimeza si kibali cha kupunguza siku.