Mkono umekaza baada ya kiharusi? Mashine ya masaji usiiweke hapo
Siku hizi kila nyumba ya Langoni, hapa Lamu, ninayoingia kumfanyisha mgonjwa wa kiharusi mazoezi, naikuta ile mashine ya masaji yenye umbo la bastola, imetumwa na mtoto aliyeko Mombasa au Dubai. Aghalabu inawekwa pasipo pake: kiwiko kimejikunja, na muuguzaji anaishindilia mbele ya mkono, papo hapo palipokaza. Msuli ule hauna haja ya kuchokozwa.

Hamia upande wa pili. Msuli ukitikiswa, habari hupanda hadi kwenye uti wa mgongo, nao huuamrisha msuli huohuo ujikaze kidogo na mwenzake anayevutana nao ulegee. Basi kiwiko kikikataa kunyooka, tikisa nyuma ya mkono, baina ya bega na kiwiko. Vidole vikifanya ngumi, tikisa mgongo wa kigasha, upande wa kucha, chini kidogo ya kiwiko.

Tazama boksi kabla ya kuanza. Mashine za kliniki hutoa mitikisiko 80 hadi 120 kwa sekunde. Hizi za nyumbani huandikwa kwa dakika: 3,000 gawa kwa 60, ni 50 tu. Yatumika, lakini usiitarajie miujiza. Weka kichwa cha sponji, si kile chembamba kama kidole, na ugusishe tu, usikandamize.

Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa fundi wa kuchonga milango. Namkalisha barazani, kigasha juu ya mto, kiganja chini, natikisa dakika tano hadi kumi. Nikizima tu, sisubiri chai. Nampa mpini wa patasi yake ashike, kisha namwambia, "Achia, mzee." Kuachia ndiyo kazi yenyewe.

"Hauachii mkono huu, mwanangu, waogopa utaiba."

Kidole gumba ndicho hutangulia kufunguka, vingine hufuata kwa shida. Twarudia mpaka achoke. Ulegevu ule haukai sana, na mashine bila mazoezi ni kelele tu.

Sasa makatazo, na hapa sina mzaha. Mguu uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu, usiutikise hata kidogo: huenda damu imeganda ndani, mpeleke hospitali ya King Fahad siku hiyohiyo. Shingoni kamwe. Mwenye kifafa, mja mzito, mwenye kifaa cha moyo kifuani au mfupa uliovunjika karibuni, muulize daktari kwanza. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda huvilia upesi. Na kama mkono hausikii, yeye hatakwambia paumapo, kwa hiyo inua kichwa cha mashine kila mara uangalie ngozi.

Wengine huniuliza kuhusu lile bao la kusimamia linalotikisa mwili mzima. Wazo ni la kale: Charcot, daktari wa Paris, mwaka 1892 alieleza kiti cha kutikisa wagonjwa wa Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka, kwa kuwa walimwambia wakisafiri kwa treni hupata nafuu. Bao lina tafiti nyingi, na majibu yake hayakubaliani. Mgonjwa asiyesimama imara litamwangusha. Pesa hizo mnunulie mkongojo wa kimo chake, na uukague ule mpira wa chini usiwe umelika.