Mkonge wa mpakani ni zao, usiuache utembee

Kesi ya kwanza ya mkonge niliyoitwa nikiwa bwana shamba haikuwa ya ugonjwa wala ya wadudu. Ilikuwa ya mpaka. Majirani wawili wilayani Magu, mashamba yao yametenganishwa na safu ya mkonge waliyoiacha wazee wao, kila mmoja anaapa kwamba mwenzake kahamisha alama usiku. Tulipochimba kidogo tukaona hakuna mtu aliyehamisha kitu. Mkonge wenyewe ndio uliohama. Mmea mama ulitoa machipukizi, machipukizi yakashika upande ule ambao udongo wake ulikuwa unalimwa na kutifuliwa kila msimu, mama akatoa mlingoti, lile shina refu la maua, akafa, mtoto akabaki hatua moja mbele. Mtoto naye akafanya vilevile. Vizazi vitatu vya namna hiyo na mpaka umeshaingia kwa jirani, na watu wazima hawasalimiani.

Nasimulia hili kwa sababu ndivyo tunavyouchukulia mkonge huku kwetu: tunaupanda halafu tunausahau. Toka Mwanza mjini uelekee Magu, Misungwi au Kwimba, utaukuta kandokando ya barabara, umezunguka nyumba za watu pamoja na minyaa, umejaa magugu na panya shinani. Mwenye shamba anakuja ofisini kuuliza zao gani linavumilia ukame, na mpakani kwake limesimama zao lenyewe, halijaguswa miaka sita.

Mkonge si mmea wa asili hapa. Ni wa jamii ya agave, kwao ni Meksiko, na jina linalotumika kimataifa, sisal, limetokana na bandari ya Sisal iliyoko Yucatán. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya Tanga, na wanaume wengi wa bara, Wasukuma wakiwamo, wakaenda kuyafanyia kazi wakiitwa manamba. Kwa hiyo ukimkuta mzee kijijini anayejua kukata mkonge bila kuujeruhi, muulize aliyemfundisha.

Tuondoe pia mkanganyiko mmoja. Mkonge si mshubiri, ile alovera inayouzwa kwenye chupa. Zinafanana kwa macho tu. Utomvu wa mkonge unawasha ngozi vibaya, usiupake wala kuunywa. Na pombe ya tekila wanayosifia watu inatokana na agave ya aina nyingine, wanayochoma moyo wake. Huu wetu ni wa nyuzi, ambazo wenye kazi wanaziita singa.

Udongo

Wasukuma wameshatupangia udongo kwa majina kuanzia mlimani hadi bondeni, na mimi huyatumia hayohayo. Luseni, ule mchanga wa juu karibu na majabali, mkonge unaota, ila utahitaji samadi baada ya miaka kadhaa. Ibushi, wenye chokaa, ndio bora kuliko wote kwa sababu mkonge unapenda sana chokaa. Mbuga, ule udongo mweusi unaonata na kutuamisha maji, usithubutu. Mkonge unastahimili jua miezi mitano, lakini mizizi yake ikikaa ndani ya maji wiki chache inaoza, majani yanageuka njano na mmea unadumaa. Mbugani lima mpunga na dengu, mkonge upandishe juu.

Kupanda

Miche ina njia mbili. Kuna machipukizi ya shinani, na kuna miche midogo inayotokea juu ya mlingoti baada ya maua kupukutika. Wengi huchukua machipukizi kwa sababu yapo karibu na mkono. Mimi napendelea ya mlingotini. Mlingoti mmoja hutoa mamia ya miche, na ukiiweka kitaluni kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 25, ukaipalilia mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, unapata miche inayolingana. Machipukizi yana umri tofauti, kwa hiyo shamba linakuwa na marefu na mafupi, na siku ya kukata hujui uanzie wapi.

Mche ukifika sentimita 30 hadi 40 kwa urefu unafaa kuhamishwa. Ng'oa, punguza mizizi, ondoa majani makavu ya chini, uache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke. Usiogope, hautakufa, mche wa mkonge unakaa wiki nyingi nje ya udongo ukiwa hai. Panda mvua za Novemba zinapoanza, shina likae usawa wa ardhi. Ukiufukia hadi moyoni unaoza.

Kwa mpaka, vuta kamba kwanza, halafu mche mmoja kila hatua. Ekari ya hatua 70 kwa 70 ina mzunguko wa hatua 280, basi ni miche 280. Mche uliokomaa ukikatwa majani 20 kwa mwaka, una majani 5,600 kwenye mpaka peke yake, bila kupunguza hata tuta moja la mahindi. Ukitaka shamba kamili, panda safu mbilimbili: mita moja kati ya safu na safu, sentimita 80 kati ya mche na mche, halafu njia ya mita 4 kabla ya jozi inayofuata. Hapo ekari inachukua miche kama 2,000, na zile njia za mita 4 zipande choroko, kunde au karanga kwa miaka miwili ya mwanzo. Palizi ya choroko inakuwa ndiyo palizi ya mkonge.

Machipukizi yang'olewe kila mwaka, kiangazi, kwa jembe. Hii kazi ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo iliyotupeleka Magu.

Kukata

Hapa ndipo mkonge mwingi wa mpakani unapoharibiwa. Mtu anahitaji kamba ya kufungia ndama, anachukua panga, anakata jani lililo karibu, katikati ya jani. Kile kipande kinachobaki kinakauka na kuwa mkuki, na singa zake ni fupi hazina kazi.

Mkonge unaanza kukatwa mwaka wa pili au wa tatu tangu kupandwa shambani. Anza chini. Kata ncha zenye miiba kwanza, maana mwiba wa mkonge ukiingia jichoni hakuna dawa ya kienyeji. Kisha weka kisu kikali sentimita mbili au tatu kutoka kwenye shina, kata mara moja, usichubue shina. Kidonda shinani ni mlango wa kuoza. Panda juu kidogokidogo na usimame ukibakiza majani 20 hadi 25 yaliyosimama. Mwenye tamaa anabakiza matano, akidhani anafaidi. Mwaka unaofuata mmea unamlipa majani mafupi kama ya nanasi.

Usikate mkonge kabla hujajua utauchakata lini. Niliwahi kukata Ijumaa kwa ajili ya maonyesho ya wakulima, mashine tuliyokuwa tumekodi ikagoma, tukaja kuipata Jumatatu. Majani yalikuwa yameanza kunywea. Singa zilitoka na madoa ya kahawia, nyama ya jani imeng'ang'ania, na mnunuzi alizishika kwa vidole viwili akazirudisha. Ndani ya siku mbili jani liwe limeshachakatwa.

Kwa mkono, unapasua jani vipande vyembamba, unaviburuta kati ya ubao na chuma butu mpaka ute wote utoke. Ni kazi ya kuchosha na inawasha. Vaa mikono mirefu, jipake mafuta mikononi kabla. Na usivunjike moyo ukiona mzigo unavyopungua: kilo 100 za majani mabichi hutoa singa kavu karibu kilo 4 tu, na kwa mkono hupungua zaidi. Osha kwa maji safi, anika juu ya kamba au waya, kamwe si chini. Zikikauka, chana kwa ubao wenye misumari. Zinazopendwa sokoni ni ndefu za kupita sentimita 90, nyeupe zenye kung'aa.

Si ziwani

Hapa naomba nisikilizwe na ndugu zangu wa ufukweni, maana maji yapo hatua chache na kishawishi ni kikubwa. Usiloweke mkonge ziwani, usioshee singa ziwani, usimwage mabaki mtoni. Ute wa mkonge ukioza unakula hewa iliyomo majini, na samaki wa pale penye matete, ambapo sato huzaliana, wanakosa pumzi. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Chota maji kwa ndoo, osha mbali, maji machafu yaishie shimoni. Mabaki yarundike miezi mitatu hadi minne, yakipoa yarudishe kwenye mistari ya mkonge. Usipoyarudisha, ardhi inaishiwa potasi, na dalili yake ni jani kukauka kama mkanda sehemu ya chini na kujikunja.

Kuhusu wadudu sina mengi. Adui ni fukusi mweusi wa mkonge, ambaye buu wake hutoboa moyo wa mche mchanga. Usiache visiki vilivyokufa vikioza kati ya mimea, ndimo anamozaliana.

Soko la karibu linaanzia nyumbani: kamba za mifugo, kamba za nanga za mitumbwi, vikapu. Mafundi jipsam wa Mwanza nao hutumia singa kushikilia dari, na hawadai ziwe ndefu sana, kwa hiyo zile fupi zinaenda kwao. Mlingoti ukikauka ni mwepesi. Unafaa kwa nguzo za nyanya na paa la banda la kuku, ingawa bungua huuwahi. Mmea uliotoa mlingoti hauponi hata ukiukata, basi vuna majani yote yaliyobaki na kusanya miche ya juu kabla haijaanguka.

Wale majirani wa Magu walikubali kuvuta kamba upya kutoka jabali hadi mwembe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kila mmoja anang'oa machipukizi ya upande wake kila Julai. Yaliyong'olewa siku ile yalijaza mkokoteni wa ng'ombe. Waligawana nusu kwa nusu, halafu wakabishana hadi jioni juu ya ng'ombe wa nani wauvute.